Lori Lililoacha Kuvuja

Wapendwa, mfikirieni mwenye lori mmoja wa kule juu kwenye mashamba ya viazi, ambako ukungu hukaa mchana kutwa, usimwone hata mtu uliyempa mkono. Lori lake lilikuwa la zamani, limezeeka naye, na alilipenda kuliko alivyopenda ushauri. Basi likaanza kuvuja. Kila asubuhi chini ya tumbo lake palikuwa na doa jekundu la oili ya giaboksi, limetandaa kwenye udongo, na kuku wa pale nyumbani walilizunguka, hawakulikanyaga.

Akaenda kwa fundi. Fundi hakubahatisha. Aliingia uvunguni, akaosha giaboksi kwa mafuta ya taa, akaipangusa, akainyunyizia majivu makavu, kisha akamwambia alizungushe lori kidogo barabarani. Liliporudi, majivu yalikuwa yameloa sehemu moja tu, pale shafti inapotokea nyuma.

"Kaka, sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili, imekufa," fundi akasema. "Niachie lori, nishushe shafti, niweke sili mpya. Si kazi kubwa."

"Kesho ni siku ya gulio. Wewe nijazie tu oili, mengine nitayaangalia mwenyewe."

"Nitakujazia. Lakini usipime kwa kutazama chini. Fungua nati hii ya ubavuni mwa giaboksi, ingiza kidole. Kikigusa oili, nenda. Kisipogusa, usiwashe hata gari."

Mnajua alichofanya? Hakufungua nati. Kulala chali uvunguni kwenye baridi ile, nani anapenda? Akawa anatazama doa. Doa likiwa kubwa, anaongeza oili nyingi. Likiwa dogo, anaongeza kidogo. Na doa likawa linapungua. Asubuhi moja akachungulia, akakuta udongo mkavu, hata tone hakuna. Akamshukuru Mungu pale pale. Jumapili akasimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba lori lake limepona bila fundi, na watu wakapiga makofi. Msicheke. Nanyi mngepiga.

Gulio lililofuata akapakia viazi, na juu ya magunia wakapanda akina mama wa kijijini, mkewe akiwa miongoni mwao. Walipoanza kupanda mlima, ndani ya ukungu, dereva akasikia mtu anaimba. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, bila maneno, inapanda lori likikaza mwendo na kushuka likilegea. Akatabasamu, akajua ni mkewe. Wimbo wenyewe hakuutambua, lakini ulimpendeza, akaendesha huku akiusikiliza. Ila kitu kimoja kilimshangaza: mwimbaji yule hakupumzika kuvuta pumzi.

Kileleni, kabla ya mteremko mkubwa, akasimamisha lori. Wimbo ukakatika.

"Mama, mbona umenyamaza?" akamwita mkewe. "Ulikuwa unaimba vizuri."

Juu ya magunia akina mama wakatazamana. Kisha mkewe akajibu, "Baba, huku hakuna aliyeimba. Sisi tulidhani ni wewe."

Alikiogopa kitu asichokijua, na aliogopa zaidi kuonekana anaogopa.

"Shemeji, sisi tunashuka," mama mmoja akasema. "Hilo lori lako lina kitu."

Hapo, wapendwa, bado alikuwa na nafasi. Nati ilikuwa pale pale, na kidole alikuwa nacho. Badala yake aliteremka, akainama, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kujikaza, "Njooni muone. Pakavu! Lori halivuji, litakuwaje na kosa?"

Wale mama wakashuka mmoja mmoja na vikapu vyao. Mkewe alishika kamba ya turubai, mguu mmoja tayari uko nje. Akamtazama mumewe alivyosimama pale mbele ya watu. Akaona vibaya kumwaibisha. Akaurudisha mguu, akakaa.

Mteremko ule lori hushushwa kwa gia; breki peke yake haziwezi. Wimbo ulianza tena, mkali kuliko mwanzo, kisha ghafla ukanyamaza. Na dereva alisema nini? "Asante, Bwana." Hakujua kwamba ilikuwa sauti ya chuma kinachosaga chuma, kwamba oili yote ilikwisha kumwagika njiani siku nyingi nyuma, na kwamba sasa hata vyuma vyenyewe vimekwisha, hakuna tena kinachoshikilia lori lile.

Wale mama waliokuja nyuma kwa miguu walilikuta konani, limelala ubavu. Walifukua magunia, wakamtoa mkewe, roho imeshatoka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kando ya barabara na michubuko tu, na kila aliyemsogelea alimwambia neno lile lile: "Lakini lilikuwa limeacha kuvuja. Lilikuwa limeacha kuvuja."

Najua mnasubiri nitaje ufa na ukuta. Leo sitaji. Nauliza tu: lori lile liliacha kuvuja kwa sababu lilipona, au kwa sababu halikuwa na kitu tena cha kuvuja?

Na sisi je? Zamani ulikuwa ukisema uongo unakosa usingizi. Ukimtukana mwenzako, ugali haupiti kooni. Lilikuwa doa, na lilikuaibisha, lakini ndani mlikuwa na kitu. Siku hizi unadanganya na unalala fofofo, halafu unatuambia umepata amani. Ndugu yangu, amani hiyo inanitisha. Dhamiri ikinyamaza, tusikimbilie kusema imetulia. Huenda imekauka.

Tumwombe Bwana atupime ndani, pale tusipopenda paguswe, na atupime leo. Maana mteremkoni hatuendi peke yetu. Geuka umtazame huyo aliyekaa karibu nawe, mke, mume, mtoto. Wako waliokwisha kushuka kwenye lori lako, na unawajua kwa majina. Huyu hajashuka.