Kichuguu cha Wote

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma wameitika kwa pua. Paukwa tena!

Pakawa!

Pakawa kichuguu, kirefu kumshinda twiga. Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Msasa walikuwa kila mmoja na hesabu zake. Bundi alihesabu nyota kwa kucha, kucha zikamwishia. Nyuki walihesabu maua, wakagombana. Na mto, ukitaka kufurika, ulifurika bila kumwambia mtu.

Wakaenda kwa mchwa. Mchwa mmoja akili yake ndogo. Lakini wakiwa maelfu ndani ya kichuguu kimoja, kila mmoja akibeba kipande chake cha hesabu, chwe-chwe-chwe, hutoka jibu hata la msimu ujao. Mchwa wakakubali kuwahesabia wote, wanaotafuta elimu na wanaotafuta riziki. Ila wajengewe kichuguu kikubwa, kisha waletewe maji kila siku, maana hesabu nyingi huleta joto.

Wanyama wakachanga. Michango mnaijua ninyi! Kila aliyeleta jiwe, Nyani alipiga ngoma, ndi-ndi-ndi, akalitangaza jina lake. Tembo akaleta jiwe, ndi-ndi-ndi. Bi Nguchiro, mwenye watoto wachanga shimoni ukingoni mwa mto, akaviringisha kijiwe chake mpaka jasho likamtoka. Ndi-ndi-ndi. Siku hiyo alilala anatabasamu.

Kichuguu kikasimama. Bundi akauliza habari za nyota, akajibiwa. Nyuki wakauliza maua yatachanua wapi, wakajibiwa, asali ikajaa. Bi Nguchiro akauliza kama mto utafika kwake. Akaambiwa msimu huu hautafika. Akalea wanawe bila wasiwasi.

Na maji? Siku za mwanzo yaliletwa. Lakini nani hupigiwa ngoma kwa kibuyu cha maji? Tembo alidhani Nyuki watapeleka. Nyuki wakadhani Bundi. Bi Nguchiro alidhani wenye miili mikubwa, basi akapita na kibuyu chake, akaenda zake nyumbani.

Msimu mwingine mawingu yakatanda milimani, meusi tii. Bi Nguchiro akaenda kuuliza. Akatega sikio tunduni. Kimya. Akagusa ukuta, mkono ukaungua kama ameshika jiko.

Alishtuka. Akaita. Akatoka mchwa mmoja mkongwe, anajikokota, kinywa kimekauka.

"Mto utafika kwangu?" Bi Nguchiro akauliza.

"Sijui, mwanangu. Wengi wamekufa kwa joto. Tuliobaki hatutoshi kuhesabu. Tuliomba maji."

"Lakini mimi nilileta jiwe."

"Jiwe lako tunaliona. Hatuwezi kulinywa."

Bi Nguchiro akakimbilia wanawe, papatu, papatu, na mto nao unanguruma nyuma ya miti. Alipofika mlangoni, vuu! maji yakaingia shimoni pamoja naye. Akamng'ata mtoto huyu shingoni, akamsukuma yule, akawapandisha mahali pekee palipokuwa pakavu. Juu ya kichuguu.

Akawakuta wenzake huko. Nyani, ngoma imelowa. Nyuki, hawana mizinga. Tembo amesimama ubavuni, maji yamemfika tumboni. Maji waliyoshindwa kuyaleta kwa kibuyu, mto umeyaleta wenyewe, na sasa yanamiminika matunduni.

"Mama," mwanawe mdogo akauliza, "mchwa wako wapi?"

Bi Nguchiro akainamisha uso. Aliona aibu kuliko alivyopata kuona. Ndipo akahisi kitu kinatambaa manyoyani mwake. Ni mkongwe yule, na wenzake wachache waliosalia. Akawafunika kwa mkia.

Mto uliporudi mkondoni mwake, jua likawaka. Bi Nguchiro akajaza kibuyu, akakipeleka kichuguuni. Nyani akamkimbilia, akauliza kama ampigie ngoma.

"Weka ngoma chini," akamwambia. "Shika kibuyu."

Mmesikia, wakubwa na wadogo? Cha wote hakiishi kwa siku ya mchango. Kinaishi kwa anayekirudia kesho yake, na kesho kutwa, hata kama hakuna anayemtazama.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo limenikauka. Haya, mtungi ule pale wa kila mtu, leo nani kaujaza?