Pamba za Mstarini

Sifa zikizidi, hata msifiwa huziba masikio.

Tulieni, wadogo zangu wa kidato cha kwanza. Wekeni mafagio chini. Mmemsikia mpishi akimtupia matroni maneno hayo, mkaniuliza yametoka wapi. Mmeuliza panapostahili. Hii ni methali nzito, methali ya kale na kale, iliyotamkwa na wahenga kabla dunia haijapoa, ikapita midomo ya wafalme na mashujaa hadi ikatufikia sisi.

Yaani mwaka jana, muhula wa pili, hapa hapa shuleni, pale mstarini.

Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na msichana wa kidato cha tatu aitwaye Sekela, msomaji wa taarifa ya habari ya asubuhi. Sauti yake ilikuwa kinanda. Alikuwa mzuri pia, lakini hilo tuliache. Kila kulipokucha alipanda kwenye kile kidaraja cha bendera, akasoma, na kila habari ilipokwisha alishusha mkono wa kulia. Mkono ukishuka, shule nzima inaitikia, "Imefika!" Ndivyo ilivyo desturi ya shule hii, na asiyeitikia anapelekwa kung'oa magugu nyuma ya jiko. Mnayajua magugu yale.

Sasa, mwaka ule bweni la Mlimani lilikuwa halishindiki kwa mpira wa pete. Nahodha wao, Gwantwa, alikuwa mlinzi, mrefu kama mnazi, na mikono yake ilizuia kila kitu isipokuwa mvua. Mwanzoni shule nzima ilimshangilia. Sekela akaona habari za Mlimani zinapendwa, akaziongeza. Zikaendelea kupendwa kidogo, akaziongeza tena. Mwisho hapakuwa na habari nyingine. Mabweni mengine yakacheza, yakaumia, yakafunga magoli, na mstarini hayakutajwa.

"Nahodha Gwantwa," Sekela alisoma asubuhi moja, "jana jioni alikula ugali kwa mkono wa kulia, mkono uleule unaozuia mipira."

Mkono ukashuka. "Imefika," wakaitikia, kama wagonjwa.

Mkuu wa shule, Madam Mwakipesile, hakupenda mwitikio ule. Akamwita Sekela ofisini.

"Siku ya wazazi inakuja," akasema. "Nataka msomaji atakayeisimamisha shule hii ikaitikia kwa sauti moja. Wiki hii nzima nitakuwa nasikiliza. Wakiitikia vizuri mpaka Ijumaa, utasoma mbele ya wazazi. Wakisinzia, nitamtafuta mwingine."

Sekela akatoka ofisini akihesabu siku. Siku ya wazazi bibi yake angekuja kutoka Tukuyu, bibi aliyemlea, ambaye alikuwa ameshaitangazia kwaya nzima ya kanisa kwamba mjukuu wake anasoma habari "kama wale wa redioni." Bibi alikwisha azima hata kitenge. Sasa aje akae kwenye benchi amsikilize mtoto wa mtu mwingine?

Basi Sekela akawaza, kwa akili zake zile ambazo siku nyingine zilikuwa nyingi: wanasinzia kwa sababu habari za Mlimani hazitoshi.

Jumatatu akasoma Mlimani wamelala saa ngapi. Jumanne akasoma wameamkaje. Alhamisi akatangaza, kwa sauti ya msiba wa taifa, kwamba soksi za timu zimefuliwa na zinaendelea kukauka vizuri.

Na ajabu iliyoje! Kila mkono uliposhuka, shule ilinguruma, "Imefikaaa!" Kwa pamoja, macho yote yamemkodolea, hakuna anayepiga miayo. Sekela akajua sasa ameishika dunia. Akamwandikia bibi aje mapema akae mbele.

Ijumaa, Madam Mwakipesile mwenyewe akapanda kidarajani, uso umemchangamka.

"Wasichana wangu," akasema, "nimefurahishwa. Kwa mwitikio huu wa wiki nzima, leo hakuna uji. Leo chai kwa maandazi!"

Kimya.

Wadogo zangu, mnaijua shule hii. Neno "maandazi" likinong'onwa darasani, watu wanavunja madawati. Siku ile hakutikisika hata unywele.

"Nimesema maandazi!" Madam akarudia.

Kimya. Nyuso mia nne zinatazama mbele, tulivu kama picha za pasipoti. Sekela, kijasho kikimtoka, akainua mkono kujifuta paji la uso, akaushusha.

"IMEFIKAAA!" shule ikanguruma.

Madam akashuka taratibu. Mstari wa mbele kabisa alisimama Gwantwa. Madam akamtazama upande huu, akamtazama upande ule, kisha akanyoosha vidole viwili na kuchomoa sikioni mwake furushi la pamba kubwa kama kifaranga.

"Gwantwa, hiki ni nini?"

"Eeh?"

Madam akachomoa na la upande wa pili. "Hiki ni nini?"

"Pamba, Madam. Ya godoro."

"Na wenzako?"

Gwantwa akageuka kuwatazama, akainamisha kichwa. "Wote, Madam. Tunauangalia mkono tu."

"Lakini wewe! Si ni habari zako zinazosomwa?"

"Ndiyo maana, Madam. Jana nimetangaziwa soksi zangu zinakauka. Soksi nimezianika mwenyewe! Nikienda chooni naogopa kesho nitajisikia." Akashusha pumzi. "Madam, sifa zikizidi, hata msifiwa anaziba masikio."

Pamba zikaanza kuchomolewa mstari mzima, maana watu waliona midomo inacheza na hawakutaka kukosa ugomvi. Madam akamgeukia Sekela.

"Siku ya wazazi atasoma mwingine."

Sekela akamwona bibi akilini, kitenge cha kuazima, benchi la mbele. "Madam, nakuomba, habari moja tu!"

"Ya Mlimani?"

"Aaaah!" shule ikalia.

"Si ya Mlimani!" akasema Sekela. Akafungua mdomo aitoe, akakuta hana. Wiki nzima hakumtazama mtu mwingine.

Gwantwa akamwonea huruma. "Muulize Tusekile," akanong'ona. "Jana tulicheza nao."

Tusekile alikuwa kutoka bweni la Bondeni, bweni ambalo halijawahi kushinda hata bahati nasibu. Sekela akashuka kidarajani, jambo ambalo hakuna msomaji aliyewahi kulifanya, akaenda kusimama mbele yake.

"Dada Tusekile, jana mmefungwa mangapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mkafunga?"

"Moja."

Minong'ono ikapita mistarini. Hakuna aliyewahi kuwafunga Mlimani muhula ule.

"Alifunga nani?"

"Mimi."

"Kwa ufundi gani?"

"Nilifumba macho." Watu wakacheka. "Kweli! Nilimwona Gwantwa mbele yangu, nikasema heri nisione. Kumbe yeye ameinama kufunga kamba ya kiatu. Nilipofumbua, mpira umo kwenye pete na refa anajikuna kichwa."

"Bondeni mkafanyaje?"

"Tukambeba refa."

"Refa? Si wewe?"

"Refa ndiye aliyekuwa karibu, jamani!"

Sekela akasubiri kicheko kitulie kidogo, akainua mkono juu kabisa, akaushusha.

"IMEFIKAAA!"

Kunguru wakaruka kutoka paa la bwalo. Bondeni wakapiga vigelegele, Gwantwa akipiga kuwashinda wote. Madam Mwakipesile akajaribu kuuma mdomo, ukamshinda.

"Haya," akasema. "Utasoma. Na nilisema kuna maandazi."

Hapo ndipo mlango wa bwalo ulipong'oka. Siku ya wazazi ilipofika, Sekela alisoma habari za kila bweni na za jikoni pia, na bibi yake akalia kwa furaha hadi kitenge cha watu kikalowa. Ah, msichana yule! Sauti ile! Moyo ule wa ushujaa! Akili ile ya kushuka kidarajani! Sidhani kama shule hii itapata tena...

Abee, Matroni! Nakuja! Ndiyo, deki inaendelea!

Mnacheka nini? Eti kaita jina gani? Kuna akina Sekela wengi tu Rungwe hii. Haya, Kagoli, usinitazame hivyo. Ni mimi. Na kinanda nimekiongeza mwenyewe. Uzuri pia, basi! Lakini toeni kwanza hivyo vidole masikioni, niwaambie jinsi bibi alivyonisifu...

Hamtoi?

Haki yenu. Sifa zikizidi, hata msifiwa huziba masikio; sembuse waliokuja kupiga deki.