Banda Lililotafuta Anime Isiyo na Kasoro

Isome hii, kisha mtumie yule ndugu yako ambaye hajawahi kula chakula cha mtu akakisifu.

Mjini Kahama palikuwa na banda la video lililoonyesha anime tu, zile katuni za Kijapani zenye macho makubwa na hadithi ndefu. Mwenye banda, Mzee Lugembe, alikuwa mtu wa masharti. Aliapa kwamba ipo siku ataipata anime isiyo na kasoro hata moja, na jina la anime hiyo ataliandika kwa rangi juu ya mlango.

Basi sheria ya banda ikawa hii: mtazamaji akiona kosa anapaza sauti, "Kasoro!" Wenzake wakiafiki, Mzee Lugembe anabonyeza rimoti na kuzima. Anime hiyo hairudi tena.

Watu waliipenda sheria ile kupita kiasi. Walikaa na macho makali kama wakaguzi wa nyama, wakishindana nani atamuwahi mwenzake. Anime moja ilizimwa kwa sababu shujaa aliongea mno katikati ya vita. Nyingine ilizimwa kwa sababu mvua ilinyesha na nguo hazikulowa.

Aliyeumia ni Nyamizi, mtafsiri wa banda. Alikaa pembeni ya skrini na maiki yake, akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuwasimulia watu kwa Kiswahili, mara kwa sauti ya bibi, mara kwa sauti ya jini. Kazi ile aliipenda kuliko usingizi. Lakini kila alipoanza kuwazoea watu wa hadithi, wanazimwa. Mwishowe alichoka, akaleta anime yake mwenyewe, habari za binti anayelinda daraja la kijiji chao huku akimngoja baba aliyekwenda vitani.

"Hii haina kasoro?" Mzee Lugembe akauliza.

"Mzee wangu, wewe iweke tu."

"Nitaiweka. Lakini ikizimwa, maiki nampa mtu mwingine. Nimechoka kuletewa makapi."

Nyamizi akakubali.

Jumamosi mchana banda likajaa. Mwanzo ulikwenda vizuri. Watu walicheka, wakanyamaza, wakasahau hata karanga mikononi. Mara yule binti akageuka kumkabili adui, na kovu lililokuwa kwenye shavu la kushoto likaonekana kwenye la kulia.

"Kasoro!" Banda zima lililipuka. Ungedhani wamefunga goli.

Mzee Lugembe akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Haikuwepo. Nyamizi alikuwa ameikalia.

"Zima, binti yangu."

"Sizimi."

"Kovu limehama shavu!"

"Limehama. Huko mbele yupo farasi mwenye miguu mitano, na kuna wimbo mbaya kweli kweli. Nayajua yote, na sizimi. Maiki utaichukua hadithi ikiisha, si kabla."

"Kwa hiyo unatulazimisha kuangalia kitu kibovu?"

Hasira ilimpanda Nyamizi, lakini hakuinuka pale alipokaa. "Mzee Lugembe, heshima yako ipo pale pale. Nitajie anime moja tu, moja, uliyoiona ikaisha."

Mzee akawatazama wateja wake, nao wakatazamana.

Hakukuwa na hata moja. Miaka yote ile hakuna mtu ndani ya banda aliyewahi kuona hadithi ikifika mwisho. Wangekutajia kasoro za anime chungu nzima, lakini hawakujua hata shujaa mmoja aliishia wapi.

"Kumbe sisi tunaangalia mianzo tu," alisema Mama Kabula, muuza maandazi, na hakuwa anatania. "Endelea, mwanangu. Mimi nataka kujua kama baba yake anarudi."

Basi wakaendelea, Jumamosi baada ya Jumamosi. Farasi wa miguu mitano alipita, wakamzomea, wakaendelea. Wimbo mbaya ukaimbwa, wakaziba masikio, wakaendelea. Hatimaye baba akatokea ng'ambo ya daraja, mzee, anachechemea, na binti akatupa panga akamkimbilia. Nyamizi alijaribu kutafsiri akashindwa. Hakuna aliyelalamika. Mama Kabula alikuwa analia waziwazi, na Mzee Lugembe amejifunika uso kwa kofia.

Taa zilipowashwa, Mzee alikohoa. "Ina kasoro."

"Tele," Nyamizi akajibu, akamnyooshea maiki kama walivyokubaliana.

Mzee aliitazama, akaisukuma irudi kwake. "Kaa nayo." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na zile nilizozima, ziliishaje?"

"Sijui, Mzee wangu. Ulizima."

Funzo: Anime isiyo na kasoro haipo, na mtu asiye na kasoro hayupo pia. Ukipendacho kipende ukiwa unazijua kasoro zake, na usimwombe radhi mtu. Anayezima kila kitu kwenye kosa la kwanza hataona mwisho wa chochote.