Neno Kubwa Katika Kitabu cha Mwakio

Mtu mmoja wa milimani Taita, jina lake Mwakio, aliandika kitabu cha habari za kijiji chake. Aliandika kwa miaka mingi, kikawa kinene, kisha akafariki. Kijiji kizima kilikisifu kitabu kile. Waliokisoma walikuwa wachache.

Kijiji kilikuwa na pande mbili, Juu na Bondeni, na katikati palikuwa na chemchemi moja. Ulipokuja mradi wa bomba la maji, kila upande ulisema chemchemi ni yake. Watu wa Juu walikuwa wamekariri mstari mmoja wa Mwakio: "Chemchemi ni ya Juu." Watu wa Bondeni nao walikuwa na wao: "Chemchemi ni ya Bondeni." Mzee Mwadime, msemaji wa Juu, na Mama Mkamburi, msemaji wa Bondeni, wakaacha hata kusalimiana, ingawa Mwadime alikuwa amemwoa dada yake Mkamburi. Mafundi wa bomba wakangoja, wakachoka, wakaanza kufunga vifaa vyao.

Mwakio alikuwa ameacha binti, Wakesho, mwalimu wa historia. Binti huyu alikuwa amekiingiza kitabu chote cha baba yake kwenye kompyuta ili kichapishwe upya. Sasa akaiagiza kompyuta ichore wingu la maneno, yaani picha ambamo neno linalorudiwa sana hutokea kubwa, na linalotajwa kwa nadra hutokea dogo. Vineno kama "na" na "ya" aliviondoa kwanza, maana hivyo hujaa katika kila kitabu. Kisha akaita mkutano, akaimulika picha ile kwenye ukuta wa kanisa.

Watu walitazamia kuona "chemchemi", au "ugomvi". Ukutani likasimama neno moja, kubwa kama mlango: SHEMEJI. "Chemchemi" ilikuwa pembeni, ndogo kama siafu. "Ugomvi" waliutafuta kwa macho wasiuone.

Mkutano ukaangua kicheko. Mwadime hakucheka.

"Hiyo kompyuta yako imelewa," alisema.

"Huenda, baba," Wakesho alijibu. "Haijui maana ya neno, inajua tu kwamba limerudiwa. Basi tusome tuone neno hilo linafanya nini humo ndani."

Wakasoma kwa sauti, kwa kupokezana, tangu ukurasa wa kwanza. Shemeji alikuwa kila mahali. Shemeji wa Juu aliazima fahali kwa shemeji wa Bondeni. Shemeji alimbeba shemeji mgonjwa mgongoni hadi zahanati. Shemeji alikula kuku wa shemeji, akakana huku ana manyoya kwenye ndevu. Hapo Mama Mkamburi alicheka mpaka leso ikamdondoka, na Mwadime akajifanya anakohoa.

Hatimaye wakafika kwenye ile mistari miwili. Ilikuwa katika ukurasa mmoja. Wa kwanza aliusema kijana wa Juu aliyeshika fimbo, na wa pili aliujibu kijana wa Bondeni aliyeshika fimbo vilevile. Mstari uliofuata hakuna aliyekuwa ameukariri: "Kisha wakatambuana kuwa ni mashemeji, wakaona haya, wakateka maji pamoja."

Mama Mkamburi akasimama, akavuka upande walikoketi watu wa Juu, akampa Mwadime mkono.

"Shemeji," alisema, "bomba lipite wapi?"

Mwadime akamwonyesha, na alipomaliza kumwonyesha akaongeza kwamba nyumbani kuna chakula. Mafundi wakafungua tena vifaa vyao. Kabla ya mvua za vuli maji yalikuwa yanatoka kwenye mabomba ya pande zote mbili, na watoto wa Juu na wa Bondeni wakirushiana maji hayo mpaka wakachapwa.

Nanyi mnaonisikiliza, mstari ule mnaoupigania kila siku, mmewahi kusoma unaoufuata?