Dubu Aliyemfuata Fundi wa Pampu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa barafu, wanangu, nyembamba kama chapati ya mchoyo.

Hapo zamani za kale, huko kaskazini kabisa ambako bahari huganda ikawa uwanja, aliishi Dubu Mweupe na mwanawe mmoja. Mtoto huyo hakujua kuogelea, na barafu waliyoikalia ilizidi kuyeyuka.

Dubu akafunga safari, akaenda, akaenda, akaenda, hadi Makunduchi kwa Bi Siwema, fundi wa pampu za visima.

"Hodi!"

"Karibu. Vua viatu."

"Sina viatu."

"Basi futa miguu."

Dubu akafuta, akaketi mkekani, akalia. "Bi Siwema, sakafu yangu inayeyuka. Mwanangu atazama!"

"Sakafu nyembamba humwagiwa zege," akasema Bi Siwema. "Kwenu kuna zege?"

"Kuna maji tu."

"Basi tutamwaga maji."

Walipofika kaskazini, Bi Siwema, koti juu ya koti, akatoboa barafu, akatumbukiza bomba, akaivuta bahari kutoka chini, akaimwaga juu. Puu! Ikaganda.

Dubu akapima kwa ukucha. "Bado nyembamba!"

Wakamwaga tena. "Bado nyembamba!"

Wakamwaga mara ya tatu. "Sasa nene!"

Mara wakasikia kishindo chini ya miguu. Alikuwa Sili, mnyama wa baharini anayependwa sana na dubu, hasa wakati wa chakula.

"Nyie wa juu! Mmeziba matundu yetu ya kupumulia!"

"Tutakutobolea hapa hapa," akasema Dubu, mate yakimtoka. "Karibu."

"Ukikaribishwa na dubu, kitoweo ni wewe! Toboeni kule mbali, ama nalitafuna bomba."

"Kitoweo kinanipa masharti!" akanguruma Dubu.

"Bomba likiliwa, mwanao anazama," akasema Bi Siwema.

Dubu akameza mate. Tundu likatobolewa mbali.

"Sasa barafu hii itadumu milele?" akauliza Dubu.

"Mimi fundi, si Mungu. Nimekuongezea wiki tatu. Mfundishe mtoto kuogelea."

Bi Siwema akarudi kwao. Dubu akamfundisha mwanawe kila siku, naye kila siku akapiga mayowe, akatapika maji, akamwita mama yake muuaji.

Wiki ya nne barafu ikapasuka, kraa! Wote wakatumbukia. Dubu akafumba macho kwa hofu. Alipoyafumbua, mtoto yuko mbele kabisa, anapiga makasia kwa miguu yote minne.

"Mama, ongeza mwendo! Unanichelewesha!"

Hadithi yangu imeishia hapo, majini.