Kiboko na Maji Yaliyomkimbia

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Nimekuja na maji!"
"Safi au machafu?"
"Machafu, jamani, machafu! Niyamwage?"
"Mwaga!"

Hapo kale, mahali mto unapokutana na bahari, palikuwa na msitu wa mikoko. Mizizi imeshikana chini, imekamata tope lisiende popote. Maji ya hapo ukiingia unaziona kucha zako za miguu. Chaza wameng'ang'ania mizizi, samaki wachanga wanacheza katikati yake. Na chini ya mkoko mmoja alikaa Bi Kaa, tumbo limejaa mayai.

Bi Kaa alikuwa anangoja bamvua, zile siku bahari inapojaa sana na kupwa sana. Ndipo kaa huachia mayai yao majini. Watoto wakikuta maji safi, wanaishi. Wakikuta tope, ndiyo basi tena.

Akaja Kiboko kutoka juu huko mtoni. Linyama lile! Lilifika wakati wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo na kushuka kidogo, likadhani siku zote ndivyo ilivyo. Likaitazama mikoko, likakunja uso.

"Vijiti gani hivi vinanikwaruza mbavu? Nataka bwawa la kujinyoosha!"

Akang'oa mkoko, ng'waka! Akajitupa majini, chubwi! Akaona bado padogo. Akang'oa mwingine, ng'waka! Akajitupa, chubwi! Akaona bado padogo. Akang'oa, akang'oa, akang'oa.

Tope likakosa wa kulishika. Maji yakawa uji wa ulezi! Chaza wakafunga milango yao, wakafia humo humo ndani. Samaki wakapanda juu midomo wazi, pwa, pwa, pwa. Jamani! Mimi nasimulia tu na mwili unanisisimka. Jana unaona kucha, leo huoni hata goti lako!

Bi Kaa akaenda, kata-kata-kata, ubavu mbele.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi, huku chini. Bwana, tafadhali, maji yamechafuka na mimi nina mayai."

"Kazae kwingine!"

Ng'waka! Aling'oa mkoko ule ule wa Bi Kaa. Mama wa watu akabaki ameduwaa, hana nyumba, tumbo hilo, na bamvua ni kesho. Akalia. Kisha akanyamaza ghafla. Kumbe huyu ni mtu wa mtoni! Kupwa kwa bamvua hajawahi kukuona!

Asubuhi Kiboko amelala bwawani, anakoroma. Shwaaa, mgongo nje. Shwaaa, tumbo nje. Shwaaa, tope tupu mpaka macho yanapoishia! Jua likamchoma, ngozi ikaanza kupasuka. Akajaribu kuinuka, didimi! Hapana mzizi hata mmoja wa kukanyaga.

"Mama yangu! Maji yako wapi?"

Kata-kata-kata.

"Yamekukimbia, Bwana."

"Maji? Yanakimbia?"

"Umeyabomolea nyumba. Wewe ungekaa?"

"Yaite, mama! Nakufa mwenzio!"

"Yajengee kwanza. Chomeka hiyo miche iliyodondoka topeni ulipong'oa mikoko, kote mdomo wako unakofika."

Kiboko akachomeka. Aliyeng'oa kwa mdomo, akapanda kwa mdomo!

"Na yakija usitikisike. Ukitikisa hata mkia, yanakwenda moja kwa moja."

Bi Kaa akapanda juu ya pua ya Kiboko. Saa ya maji kujaa anaijua, hana haraka. Ilipokaribia, akagonga magando, ko-ko-ko!

"Maji ee, rudini!"

Shwaaa! Bahari ikaja, safi, ya kijani. Macho ya Kiboko yakataka kudondoka! Maji yakamfika tumboni, yakamfika mgongoni, naye hatikisi hata sikio. Tope likatulia chini. Bi Kaa akashuka, akatikisa tumbo lake, na watoto wadogo kama vumbi la unga wakaenda na maji, wazima. Bi Kaa akalia tena, safari hii kwa furaha.

Chaza lakini hawakufufuka. Waliokufa wamekufa.

Na Kiboko? Kila bamvua maji yakipwa, yeye mbio kuchomeka miche, moyo unamdunda. Msitu umerudi. Hajui mpaka leo kwamba maji yangerudi tu, hata angekaa bure! Nanyi msimwambie.

Basi funzo, watoto wazuri: uongo ni mbaya sana. Bi Kaa angesema ukweli tu, kwa adabu, na shikamoo juu. Si alisema ile mara ya kwanza? Si mliona alivyosikilizwa?

"Hadithi yangu imekupwa!"
"Na ijae tena!"