Uzito wa Bakuli la Bi Mwanahawa

Sogeeni karibu, nina hadithi ya unga, na hukumu yake imenishinda.

Bi Mwanahawa wa Lindi alikuwa na wajukuu watatu, kila mmoja kajaliwa lake. Somoe alijaliwa mikono: kiti kilichovunjika mguu akikishika, kinasimama. Kidawa alijaliwa macho. Alichokiona mara moja hakikumtoka. Hidaya, mwenye duka, alijaliwa uaminifu, na mizani yake haikumpunja mtu wala kumpendelea. Bibi aliwapenda wote, wala hakuona haya kuwasifu mbele za watu.

Mwenyewe alisifika kwa mkate wa mayai. Harusi iliyoukosa ilisemwa mwaka mzima. Unga wake aliupima kwa bakuli moja la kauri alilorithi kwa mama yake, na kipimo kingine hakukijua. Sasa macho yalikuwa yanamwisha. Akatangaza kwamba mjukuu atakayeutoa mkate kama wake atarithi tanuri na nafasi yake kwenye majiko ya harusi. Kabla hajaanza kuwafundisha, bakuli likamponyoka, likavunjika. Bi Mwanahawa akakaa chini akalia, maana aliona mkate umemfia mikononi.

Somoe akaokota vigae vyote, hata vile vidogo kama kucha. Akaviunga kwa gundi ya unga, akalizungushia bakuli kitambaa kwa nje. Maji lisingeshika, ila unga mkavu lingeshika.

Hidaya akaleta mizani. Alijua bakuli hilo halitadumu, akataka ujazo wake ugeuzwe uzito, ili mkate usitegemee tena chombo kimoja. Wakachota unga kwa bakuli hilo, wakaushindilia, wakaupima kwenye mizani: gramu mia nne. Wakaoka. Mkate ukatoka mgumu kama jiwe.

Hapo Kidawa akasema, "Bibi hachoti. Huchekecha kwanza, unga ukaanguka bakulini wenyewe, halafu hupitisha kisu juu. Hagongi, hashindilii."

Kweli tupu. Bibi hakuwahi kulitaja hilo, kwa kuwa mikono yake ilikwisha kulizoea hata akasahau kwamba ni sehemu ya kipimo. Wakachekecha. Bakuli ni lile lile, limejaa vile vile, lakini safari hii mizani ikasoma mia mbili na tisini. Walipokuwa wanaumimina unga, bakuli likaachana vipande, na halikuungika tena. Uzito ulikuwa umekwisha julikana.

Wakaoka. Bibi akaonja, akakata kipande cha pili.

"Huu ni wangu," akasema. "Hata nikifa leo, watu watakula."

Likabaki tanuri. Somoe akauliza, bila bakuli wangepima nini? Hidaya akasema bakuli limekwenda, kilichobaki ni uzito. Kidawa akawakumbusha kwamba bakuli walikuwa nalo na mizani walikuwa nayo, na bado wakaoka jiwe.

Bi Mwanahawa aliwasikiliza, moyo umemjaa fahari na huzuni kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo alilijua. Lakini tanuri ni moja, na mwenye harusi humwita mwokaji mmoja. Akafungua mdomo ataje jina, akashindwa.

Basi mtajieni nyinyi. Tanuri lingekuwa lako, ungemkabidhi yupi kati ya hawa, na wale wawili ungewaambia nini?